Waya mchache si lazima uwe mtandao bora

Leo nina neno na waandishi wa programu wenzangu, na mshtakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kupanga nyaya za intaneti za mtaa mmoja. Mteja alitaka waya mchache iwezekanavyo. Nikatumia kanuni ya Prim ya mwaka 1957, ile inayotafuta mti mwepesi kuliko yote, nikampa jibu. Mteja akafurahi. Aliyeumia ni mama aliyeishi ukuta kwa ukuta na chumba cha mitambo. Waya wake ulizunguka mtaa mzima kabla ya kumfikia, na jirani yeyote aliyezima swichi yake alimkatia intaneti.

Chukua mfano huu. Nyumba 36 zimezunguka uwanja wa duara, kila moja mita 10 kutoka kwa jirani yake, na mitambo iko nyumba ya kwanza. Mti mwepesi unatumia mita 350 tu za waya. Lakini nyumba ya 36, iliyo mita 10 kutoka kwenye mitambo, inafikiwa baada ya mita hizo zote 350, kupitia nyumba 34 za watu. Ukisema kila nyumba ivutiwe waya wake moja kwa moja, utanunua zaidi ya mita 2,600.

Je, katikati hakuna kitu? Kipo. Mwaka 1995 Samir Khuller, Balaji Raghavachari na Neal Young walichapisha njia nyepesi kueleweka. Fuata mti mwepesi nyumba kwa nyumba. Ukifika pale ambapo safari imezidi mara 2 ya umbali wa moja kwa moja, kata, vuta waya mpya kutoka kwenye mitambo, kisha endelea. Walithibitisha kwamba kwa kipimo hicho, waya wote hautazidi mara 3 ya ule wa mti mwepesi.

Nimepiga hesabu ya mtaa wetu wa mfano: nyaya mpya ni 5 tu, jumla kama mita 570. Njia ndefu kuliko zote inashuka hadi mita 210, mlolongo mrefu una hatua 21 badala ya 35, na nyumba ya 36 inapata waya wake wa mita 10.

Kuna watakaosema mteja ndiye bosi. Sawa, lakini mteja wangu hakujua kuna chaguo la tatu kwa sababu sikumwonyesha. Uzito, umbali na kina ni maswali matatu tofauti, nami niliuliza moja tu.

Siku hizi, kabla sijampa mtu ramani, natafuta nyumba ya mwisho kwenye mti na kuhesabu inategemea majirani wangapi. Wewe je, huwa unahesabu?