Glopu rahisi humlipisha mwananchi mara mbili

"Glopu ni glopu." Maneno hayo husikika kila siku katika maduka yaliyopangana kando ya barabara itokayo Bunju kupitia Mapinga, Kerege na Zinga hadi Bagamoyo mjini. Mnunuzi anaingia, anaulizwa anataka ya wati ngapi, anaitazama fedha aliyo nayo, anakabidhiwa kasha dogo la karatasi lenye picha ya jua. Glopu inajaribiwa juu ya meza ya muuzaji, inawaka, biashara imekwisha. Mnunuzi huyo mara nyingi ni mfanyakazi: mwalimu, karani wa halmashauri, muuguzi, mtu aliyejinyima miaka kadhaa ili amalizie vyumba viwili vya nyumba yake. Anaondoka akiamini kwamba amenunua taa. Kwa kweli amenunua ahadi, iliyochapwa juu ya karatasi na mtu ambaye hatamwona kamwe.

Fikra hiyo haina budi kupigwa vita, maana ndiyo mtaji mkubwa wa walanguzi wa taa. Hesabu yake si ngumu, na mwalimu yeyote wa shule ya msingi anaweza kuiandika ubaoni. Nyumba yenye glopu tano za zamani za waya, kila moja ya wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hutumia uniti 45 za umeme kwa mwezi. Glopu tano za LED za wati 9 kila moja, zilizotengenezwa kwa uaminifu, hutoa mwanga unaokaribiana na huo kwa saa zile zile na kutumia uniti 6 na robo tatu tu. Taa ya barazani inayowaka tangu magharibi hadi alfajiri, saa 12 kamili, peke yake hula zaidi ya uniti 21 ikiwa ni ya waya ya wati 60. Ikiwa ni LED ya wati 9, hula uniti 3 na kidogo.

Sasa tarakimu hizo ziwekwe mbele ya mita ya LUKU. Katika bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani wa kundi la D1, yaani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, alipangiwa shilingi 100 kwa uniti, na kila uniti inayozidi 75 ikapangiwa shilingi 350. Aliye katika kundi la T1 alipangiwa shilingi 292 kwa kila uniti, tangu ile ya kwanza. Juu ya hapo kulikuwa na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Nyumba yenye glopu tano za waya ndani na moja barazani imekwisha kula uniti 66 kabla ya kuwasha redio, pasi wala jokofu. Mwenye nyumba hiyo ataondoka D1 na kuingia T1, na bei yake ya kila uniti itapanda karibu mara tatu, ingawa hana anasa yoyote. Ametolewa huko na glopu.

Wapo watakaojibu kwamba umeme sasa ni mwingi, basi kubana matumizi ni mambo ya mwaka 2006, wakati ukame ulipokausha mabwawa na nchi ikaingia katika mgawo. Hoja hii hupendwa sana vijiweni, na hata katika ofisi ambako ingetarajiwa watu wapime kabla ya kusema. Ni kweli kwamba Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024, lina uwezo wa megawati 2,115. Wananchi waligharimia kazi hiyo kwa zaidi ya shilingi trilioni 6. Lakini wingi wa umeme Rufiji haupunguzi hata senti moja katika LUKU ya mwalimu wa Kiromo. Tena taa zote za nyumbani huwashwa kwa wakati mmoja, kati ya saa moja na saa nne usiku, saa zile zile ambazo nyaya na transfoma za vijiji huelemewa na umeme wa mwisho wa laini ukafifia. Nchi haikujenga bwawa kubwa namna ile ili nguvu yake ipotee kuwa joto darini. Na glopu ya waya ndivyo ifanyavyo: zaidi ya sehemu tisa katika kumi za umeme inaoula huwa joto, na mabaki ndiyo mwanga. Katika joto la mwambao mwezi Februari, hakuna anayehitaji jiko juu ya kichwa chake.

Huenda msomaji akasema kwamba glopu za waya zimepungua madukani. Ni kweli, na hapo ndipo ubaya mpya ulipoanzia. Nafasi yake inachukuliwa na taa zinazojiita LED, ambazo nyingine ni nzuri sana na nyingine ni takataka, na zote hukaa rafu moja.

Udanganyifu katika biashara ya taa una historia ndefu. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya taa ya Ulaya na washirika wao yalikutana Geneva yakaunda umoja ulioitwa Phoebus. Yalikubaliana kwamba glopu isiishi zaidi ya saa 1,000, ingawa mafundi wao walikuwa wanajua kutengeneza zilizodumu kupita hapo, na kiwanda kilichokaidi kikatozwa faini. Mnunuzi wa dunia nzima aliibiwa kwa mkataba uliotiwa sahihi. Umoja huo ulivunjwa na vita kuu ya pili, lakini somo lake halikufa: ufundi ukiboreka, faida ya uboreshaji huo inaweza kuzuiwa isimfikie mlaji. Hata enaji seva, zile taa za mirija iliyojipinda zenye zebaki ndani, zingeendelea kumwagwa Afrika baada ya kukosa soko kwingine, lau nchi za Afrika zenyewe zisingesimama. Ni pendekezo lao lililofanya mkutano wa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2022 uamue kwamba enaji seva za kawaida za nyumbani zikome kutengenezwa na kuuzwa baina ya nchi ifikapo mwaka 2025. Huo ulikuwa ushindi wa haki, na umesifiwa kidogo mno.

LED yenyewe ni kazi kubwa ya akili za watu. Ndani yake hamna waya unaochomwa, bali vipande vidogo vya semikondakta vinavyotoa mwanga umeme unapopita. Kwa miaka mingi vilipatikana vyekundu na vya kijani tu, mpaka Akasaki, Amano na Nakamura, wazaliwa wa Japani, walipofanikiwa kutengeneza vya buluu, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Buluu hiyo ikipita katika unga wa manjano ndipo mwanga mweupe unapopatikana. Vipande hivyo haviungui upesi. Kinachokufa mara nyingi ni sakiti ndogo iliyo chini yake, ile inayougeuza umeme wa volti 230 uwafae. Hapo ndipo mwenye tamaa hubania: huweka vijenzi hafifu, huondoa bati la kutolea joto, kisha huvisukumia vile vipande umeme mwingi kupita kiasi ili taa ing'ae sana siku ya kujaribiwa dukani. Miezi minne baadaye inaanza kupepesa, halafu inazimika.

Chukua mfano wa glopu ya shilingi 2,000 inayokufa kila baada ya miezi minne. Kwa mwaka mmoja mnunuzi ametoa shilingi 6,000, na bado yuko gizani. Glopu ya shilingi 5,000 inayotimiza kweli saa 15,000 za kasha lake, ikiwaka saa tano kwa siku, itamfikisha miaka minane. Mwenye kipato kidogo ndiye hulipishwa zaidi, maana hana zile shilingi 3,000 za ziada siku anapozihitaji.

Basi mfanyakazi ajue anachokinunua. Kwanza aache kuuliza wati. Wati ni kipimo cha umeme unaoliwa, si cha mwanga unaotoka, na kununua taa kwa wati ni sawa na kununua ng'ombe wa maziwa kwa wingi wa majani anayokula. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Glopu ya waya ya wati 60 ilitoa lumeni 700 hivi hadi 800, na LED nzuri ya wati 9 hutoa kiasi hicho. Kasha lisilotaja lumeni kabisa lirudishwe rafuni. Kasha linalodai kwamba wati 9 ni "sawa na wati 100", kwa bei ya kutupwa, linasema jambo ambalo taa ya bei hiyo haiwezi kulitimiza. Atazame pia saa za uhai, kiwango cha volti ambacho taa inavumilia, na kama muuzaji yuko tayari kuandika dhamana katika risiti. Akiwa na simu yenye kamera, aielekeze kwenye taa inayowaka: mistari minene inayotembea katika kioo cha simu ni dalili ya mwanga unaopepesa, na mwalimu mwenye madaftari 60 ya kusahihisha usiku atapata maumivu ya macho na kichwa asijue yametoka wapi.

Mahali pa kufunga taa nako kunahitaji fikra. LED iliyofungiwa ndani ya kibuyu cha kioo kisichopitisha hewa hupikwa na joto lake yenyewe. Ya nje, katika hewa ya chumvi ya Bagamoyo inayokula hata misumari, haina budi kuwa imetengenezwa kwa matumizi ya nje. Alama ya IP65 katika kasha maana yake ni kwamba haiingizi vumbi wala maji ya kurushwa. Tena si kila weupe ni mwema. Mwanga wa 6,500 katika kipimo cha Kelvini ni mweupe wa kukaribia buluu, wafaa jikoni na mezani pa kazi. Wa 2,700 au 3,000 una umanjano, wafaa sebuleni na chumbani, na ndio wenye adabu zaidi barazani. Kwa nyumba na hoteli zilizo ufukweni jambo hili lina uzito mwingine. Kasa wadogo wanaoanguliwa usiku, kama wale wa ufuko wa Madete katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, huifuata bahari kwa kuutambua mwanga wake, na taa nyeupe kali za nchi kavu huwapoteza njia wakafia mchangani.

Ajabu ni kwamba katika mwambao huu huu wapo watu wasiodanganywa na makasha. Usiku wa giza, mtu akisimama ufukweni Bagamoyo, huona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa baharini kama mji. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi wengi wanatumia LED za betri au jenereta. Mvuvi hakuiacha karabai kwa kuambiwa. Alipima mafuta aliyochoma, akapima samaki waliokuja juu, akaamua. Iweje msomi mwenye shahada ukutani ashindwe kupima kama anavyopima mvuvi?

Lakini haifai lawama zote aachiwe mnunuzi. Katika nyumba nyingi za kupanga kuanzia Bunju hadi Bagamoyo, anayenunua glopu ni mwenye nyumba na anayenunua umeme ni mpangaji. Tena pengine wapangaji wanne wanachangia mita moja, wanagombana kila mwisho wa mwezi nani ameacha taa ikiwaka, na mita yao imekwisha kuvuka uniti 75 siku nyingi. Mwenye nyumba huyo ananunua glopu rahisi kuliko zote kwa sababu hasara si yake. Jambo hilo hilo hutokea serikalini. Ofisi ya manunuzi huchagua bei ya chini, taa hufungwa katika nyumba ya mwalimu, kisha mwalimu hulipa LUKU kwa mshahara wake na kubadilisha glopu kwa fedha yake. Kwa maandishi, ofisi imeokoa fedha ya umma. Kwa kweli imeuhamisha mzigo kutoka kwenye kitabu cha hesabu hadi mfukoni mwa mtumishi.

Vyombo vya kuzuia hayo vipo. Shirika la Viwango lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na Tume ya Ushindani ina mamlaka juu ya bidhaa bandia. Mwananchi ana haki ya kudai kutoka kwa vyombo hivyo kwamba kila kasha la taa litakalouzwa nchini liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, lumeni ngapi, wati ngapi, saa ngapi na dhamana ya muda gani. Na kwamba taa zikamatwe rafuni na kupimwa maabara, matokeo yakatangazwa magazetini pamoja na jina la mwagizaji. Kukagua bandarini peke yake hakutoshi, maana si kila mzigo hupitia bandarini, na anayejua bandari za majahazi za mwambao huu hahitaji kufafanuliwa.

Na halmashauri zisisubiri. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Zabuni ya kwanza ya vifaa vya umeme kwa shule, zahanati na nyumba za watumishi inaweza kuandikwa masharti mawili tu ambayo hayamo katika zabuni nyingi: kila glopu isipungue lumeni 90 kwa kila wati, na msambazaji abadilishe bila malipo kila itakayozimika kabla ya miaka miwili. Msambazaji atakayekataa kuweka sahihi chini ya sharti la pili atakuwa amekwisha kueleza mwenyewe aina ya taa alizo nazo ghalani.