Moshi wa Lori Suneka, Moshi wa Meli Kilindini

Wiki jana nilikuwa Suneka, kwenye barabara ya Kisii kwenda Migori. Lori lilipita likitoa moshi mweusi, watu wakaziba pua. Mimi nikawaza kwetu Mombasa.

Moshi mweusi twauona. Kuna hatari nyengine isiyoonekana. Salfa iliyomo kwenye mafuta ikiungua hutoa gesi ya dioksidi ya salfa. Huko hewani, kwa mwanga wa jua na ndani ya matone ya mawingu, gesi hiyo hugeuka asidi, kisha hushikana na amonia itokayo kwa mifugo na mbolea, zikawa chembe ndogo sana za salfeti. Chembe hizo husafiri siku kadhaa na huingia ndani kabisa ya mapafu.

Tangu 2015, dizeli ya Kenya haitakiwi kuzidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Mafuta ya meli, tangu 2020, yaruhusiwa 5,000: mara mia. Basi lori la Suneka labanwa kuliko meli iliyofunga Kilindini, na Likoni na Changamwe ziko pale pale. Umoja wa Ulaya uliziwekea meli zilizofunga bandarini kikomo cha 1,000 tangu 2010. Sisi twangoja nini?