Si kila homa ya Sondu ni malaria

Tukizungumzia homa, tunaisahau salmonela isiyo ya taifodi. Huku Sondu, Kenya, mtoto akishikwa na homa tunauliza mawili tu: malaria au taifodi? Mpwa wangu alichemka siku nne. Kliniki moja ikampima kwa Widal, kipimo cha taifodi, ikatuuzia dawa za taifodi. Hakuharisha hata mara moja. Ni damu yake ilipooteshwa maabara, kwingine, ndipo mdudu halisi, salmonela hiyo, alipojulikana, siku kadhaa baadaye.

Mdudu huyu, hasa aina ya ST313 iliyoelezwa na wanasayansi mwaka 2009 kutokana na sampuli za Malawi na Kenya, haishii tumboni. Huingia kwenye damu. Huwaandama watoto waliodhoofishwa na malaria au utapiamlo, na watu wenye VVU. Dawa nyingi za zamani hazimwezi. Tena, malaria kuonekana kwenye kipimo si hoja kwamba yeye hayupo: wawili hawa ni chanda na pete. Hata chanjo ya taifodi iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2025 haimzuii.

Hospitali zetu ziwezeshwe kuotesha damu. Widal imetuzungusha vya kutosha.