Kijana Mwenye Kisukari Asijifiche Bwenini

Wazazi, walimu na wajumbe wa bodi za shule, nawaombeni tuwaangalie vijana wetu wanaoishi kwa sindano ya insulini. Sizungumzii kile kisukari cha watu wazima ambacho wengi hukituliza kwa vidonge na mazoezi. Nazungumzia aina ya kwanza, inayowapata zaidi watoto na vijana, pale kinga ya mwili inapoziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Haikuletwa na pipi, wala uchawi, wala uzembe wa mama. Bila insulini kijana huyu hufa. Akiipata kwa mpangilio anasoma, anacheza mpira, anaanzisha familia na kuzeeka kama sisi.

Mtu wa kwanza kutibiwa kwa dawa hii alikuwa rika lao hao hao. Leonard Thompson alikuwa na miaka 14 alipochomwa insulini hospitalini Toronto, Kanada, Januari 1922. Kabla ya hapo watoto kama yeye walipunguziwa chakula mno ili wasogeze siku, wakafa wamebaki mifupa. Imepita zaidi ya miaka 100, na bado wapo vijana Tanzania wanaopoteza fahamu kwa sababu dawa ilikatika, au kwa sababu chakula cha shule kilichelewa. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi, maana kulimaliza hakuhitaji mfadhili wala bajeti ya wizara.

Tazama asubuhi ya kijana wa kidato cha pili bwenini. Wenzake wanakurupuka kwenda mchakamchaka. Yeye sharti kwanza atoboe kidole, aweke tone la damu kwenye kipimo, asome namba, avute uniti zake, agongegonge bomba la sindano kutoa mapovu, ndipo ajichome pajani au tumboni. Insulini ya mchanganyiko, ambayo wengi huchoma asubuhi na jioni, huchomwa kama nusu saa kabla ya kula, na ikishaingia mwilini haisubiri mtu. Inaendelea kushusha sukari mpaka mchana. Kwa hiyo uji wa saa nne kwake ni sehemu ya dozi. Kuni zikiwa mbichi uji ukachelewa, mwalimu akirefusha kipindi, au yeye akipewa adhabu ya kufyeka wakati wenzake wanakunywa, sukari inashuka. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka, anajibu ovyo, anasinzia juu ya daftari. Mwalimu asiyejua atamwona mtovu wa nidhamu na kumchapa mgonjwa.

Na mengi anayaficha. Bomba la sindano likionekana kwenye tranka lake, ataitwa teja. Sukari ikipanda anaomba ruhusa ya kwenda chooni mara kwa mara, na darasa zima linacheka. Wapo mabinti wanaochoma sindano chooni kwa hofu kwamba habari zikienea hawataolewa. Matokeo yake kijana anaruka dozi siku ya safari ya shule, anakula kila kinacholiwa, kisha anaandika namba za uongo kwenye daftari la kliniki ili asigombezwe. Tena balehe yenyewe huipunguzia insulini nguvu, kwa sababu ya homoni zake. Kijana anaweza kufuata yote aliyoambiwa na sukari ikapanda vilevile. Kumwita mkaidi ni kumwonea.

Basi nawaomba tukubaliane shule kwa shule, kwenye vikao vya wazazi. Mzazi amweleze mkuu wa shule hali ya mwanawe bila kuficha, na shule isitumie habari hiyo kumkatalia nafasi. Mwanafunzi huyo aruhusiwe kupima, kuchoma, kula na kwenda chooni saa yoyote, na mipango ya chumba cha mtihani ifanywe mapema. Matroni, patroni, mwalimu wa zamu na rafiki mmoja wa karibu wafundishwe la kufanya sukari ikishuka: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, kusubiri dakika 15, kupima tena, kisha chakula. Akizimia asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Kukosa friji kusiwe kisingizio. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto halisi la nyumba za kambi ya Dagahaley, kule Dadaab nchini Kenya. Insulini iliyokaa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake kwa wiki 4. Chupa inayotumika inaweza kuwekwa kwenye chungu kilichozungukwa na mchanga uliolowanishwa, kivulini, ndani ya ofisi inayofungwa. Isiachwe juani wala isigande kwenye barafu.

Yako pia yanayozidi uwezo wa shule. Baadhi ya kliniki zetu huwapa watoto na vijana insulini bure kupitia miradi ya misaada, lakini miradi ina ukomo wa umri, na vipimo vya kidole huisha kabla ya mwezi kuisha. Madiwani na wabunge wetu waulizwe hadharani: bima ya afya kwa wote itamlipia kijana huyu insulini na vipimo vyake mpaka lini? Na zahanati zetu zimpime sukari kila mtoto anayekojoa sana, mwenye kiu isiyokatika na anayekonda ghafla. Asirudishwe nyumbani na dawa ya malaria peke yake.

Tarehe 14 Novemba ni Siku ya Kisukari Duniani, na Januari shule zinafunguliwa. Katikati hapo tuna muda wa kutosha. Kwenye kikao cha kwanza cha wazazi mwakani, soma ajenda. Ukiona suala hili halimo, nyanyua mkono uombe liingizwe.