Mizimu Haisafiri

Wako wanaodhani kwamba dini mpya hushinda kwa utamu wa mahubiri, na imani ya kale huona haya na kukimbia. Ndugu msomaji, Pwani yetu haikushuhudia hayo.

Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844; miaka miwili baadaye akahamia Rabai na mwenzake Rebmann. Walihubiri miaka na miaka, na waliobatizwa wakahesabika kwa vidole. Je, Warabai walikuwa wazito wa kufahamu? Hasha! Mrabai alikuwa na kaya yake, kijiji kitakatifu msituni, na ndani yake fingo, hirizi ya kuilinda, iliyofukiwa, makaburi ya wazee, na watu wa kumwombea mvua. Alipungukiwa na nini?

Kanisa lilipata watu walipoletwa watumwa walioachwa huru, hapo Rabai na Freretown, iliyoanzishwa mwaka 1875. Wengi walikuwa Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa. Tambiko lataka mahali: mti fulani, pango fulani, kaburi la babu. Mahali pa watu hawa palibaki mbali, wala hapakuwa na njia ya kurudi. Sala, kwa upande wake, husaliwa popote, na kitabu hutiwa mkobani.

Uislamu nao ulishika kwanza bandarini, kwa watu wa safari na biashara. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta mabaki ya msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8, na misikiti mingine imejengwa juu yake. Bara ilingoja misafara ya karne ya 19 ya Tabora na Ujiji. Na hata palipo na Uislamu wa karne nyingi, kama Makunduchi kisiwani Unguja, kila Julai watu hupigana kwa migomba na kuchoma kibanda katika sherehe ya mwaka mpya iitwayo Mwaka Kogwa. Nani atawaambia si Waislamu?

Basi, ikiwa dini zetu zilienea kwa safari wala si kwa utamu wa mahubiri, tunajivunia nini mbele ya wazee wa kaya? Misitu yao iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, lakini huko Kilifi wazee wanauawa kwa tuhuma za uchawi, mvi zikifanywa ushahidi, na nyuma ya tuhuma aghalabu mna ugomvi wa shamba. Wauaji wengine ni jamaa zao, wenye majina ya Mitume na Manabii.

Enyi makhatibu na wachungaji, likemeeni jambo hili waziwazi, Ijumaa hii na Jumapili hii, kabla hajazikwa mzee mwingine.