Askari na Gari Kuukuu: Tazameni Nyuma Kabla ya Kulipa

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo tunawakumbusha maneno hayo askari wetu wa Jeshi na Polisi ambao, baada ya miaka mingi ya kujinyima, wanatafuta gari dogo kuukuu, lile ambalo mlango wake wa nyuma huinuliwa juu. Nia hiyo ni njema. Kinachotutia wasiwasi ni desturi ya kufungua boneti, kusikiliza injini, kusifu rangi, kisha kuhesabu fedha bila kuinama hata mara moja kutazama miguu ya nyuma ya gari.

Tuchukue mfano wa askari anayeishi Cyanzarwe, wilayani Rubavu. Katika lami ya Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, hata gari bovu huenda kwa heshima. Lakini ukiiacha lami na kushika njia za vijijini, katika nchi hii ya mawe ya volkano, siri zote hutoka nje. Basi gari lijaribiwe huko litakakotumika, likiwa na watu wanne ndani, wala si pale muuzaji apendapo.

Kabla ya safari hiyo, gari lisimamishwe mahali tambarare, na mnunuzi asimame hatua kumi nyuma yake. Je, pande zote mbili zina kimo kimoja? Je, magurudumu yamesimama wima, au vichwa vyake vimeinamia ndani? Katika Peugeot 205, iliyoundwa tangu mwaka 1983 hadi 1998, mikono ya nyuma huzungukia beringi za sindano zilizomo ndani ya bomba la ekseli. Mpira wa kuzuia maji ukichakaa, maji huingia, grisi huisha, kutu hula chuma, na gurudumu huanza kulala. Hapo tiba mara nyingi si kipuri kimoja bali ni ekseli nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, apapase matairi kwa kiganja. Tairi lililolika upande wa ndani tu linashuhudia kwamba gurudumu limepinda. Lenye mabonde-mabonde huishitaki shokapu. Matairi mapya ya nyuma peke yake yasimfurahishe mtu. Aulize ya zamani yaliondolewa kwa nini.

Tatu, akandamize kona ya nyuma ya gari kwa nguvu, kisha aiachie. Gari zima huinuka na kutulia. Likiendelea kudunda, shokapu imekufa. Shokapu inayovuja mafuta nayo imekwisha. Katika magari ya namna ya Volkswagen Golf, atazame bushi kubwa za mpira zinazoishika ekseli. Zikipasuka, mkia wa gari hujiendea wenyewe katika kona.

Mwisho, gari liinuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya vigingi imara, kwani jeki peke yake imewaua wengi. Gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe, na mwenzake atazame mchezo unatokea wapi: katika beringi ya gurudumu, au katika mkono wenyewe.

Tunasisitiza hayo kwa sababu mbili. Kwanza, wengi hununua kwa mkopo. Zigama CSS, chombo cha akiba na mikopo cha wanajeshi na polisi kilichoanzishwa mwaka 1997, huwakopesha wanachama wake, lakini makato ya mshahara hayajui kwamba gari limelala uani juu ya mawe. Pili, ni suala la heshima ya sare. Polisi anayemsimamisha raia kwa tairi lililolika atasema nini ikiwa gari lake mwenyewe linayumba mteremkoni, limebeba watoto?

Hakuna askari anayepokea bunduki bila kuikagua. Anaifungua, anachungulia mtutu, ndipo anatia saini. Gari nalo linaweza kuua, na huua pamoja na wasiohusika. Tunawaasa askari wetu wasione haya kulala chini ya gari wakiwa na fundi wanayemwamini. Muuzaji mwaminifu atangoja. Asiyetaka kungoja amekwisha kujibu swali, na fedha zibaki mfukoni.