Santuri ya aako na kifutio cha muuzaji

Najua niliahidi kuandika habari za mtihani wa majaribio, lakini huo tuuache ulivyo, tusitoneshane vidonda. Leo nina hasira nyingine.

Wikendi iliyopita nilikuwa Nairobi. Jamaa yangu wa chumba ana dada yake kule, nikadandia safari. Jumamosi asubuhi tukapita Kenyatta Market, pale penye nyama choma na wasusi wa nywele, maana kuna kibanda nilikuwa nakisikia siku nyingi: namba 570, cha mzee James "Jimmy" Rugami. Tangu 1989 anauza santuri pale, nyama inachomwa, watu wanasukwa, na yeye yupo na maboksi yake hadi darini. Ukitaja bendi anakuchomolea sahani. Pale sina ugomvi, nilitamani kuhamia.

Ugomvi ulianza mchana. Kulikuwa na soko la siku moja la wakusanya santuri na gramafoni za zamani, kwenye bustani ya hoteli fulani. Meza kama ishirini hivi, maturubai, kahawa ya bei ya mlo wetu wa siku mbili. Kwa nusu saa ya kwanza nilikuwa kama mtoto dukani. Sahani za 78 za enzi za shelaki, zile nzito zinazovunjika kama kigae (shelaki ni utomvu wa wadudu wa India, usicheke, ndivyo ilivyo). Sahani ndogo za 45 za Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz. Jamhuri Jazz na Atomic za Tanga. Cuban Marimba ya Salum Abdallah, lebo ya Mzuri, ya Assanand wa Mombasa. Nikasema moyoni, kumbe sisi tulikuwa watu!

Halafu nikaiona gramafoni yenye tarumbeta kubwa la shaba linang'aa kama sufuria la harusi, na kijikaratasi: "ya kale, kutoka bara". Kutoka bara wapi? Skrubu mpya, mbao bado inanuka vanishi. Hizi zinaundwa India kwa ajili ya watalii, zinabandikwa nembo ya mbwa wa HMV, mtu anaenda kuweka sebuleni na kudanganya wageni. Iliyofika kwetu vijijini ilikuwa ya sanduku, kama ile HMV 102 iliyoanza kutengenezwa 1931. Tarumbeta lake limefichwa ndani, unafunga kifuniko unabeba kama begi. Nani angepandisha tarumbeta la shaba hadi Gehandu, na ile barabara?

Lakini hiyo ni utapeli wa kawaida, unacheka unapita. Kilichonichoma ni meza ya jirani. Nimeshika sahani ya 78, kwenye lebo kuna mwandiko wa wino wa bluu, jina la mtu na chini yake "Babati". Babati yetu hiyo hiyo, wadau! Nikamwambia muuzaji, kaka, huyu ni mtu wa kwetu. Akajibu bila hata kuniangalia, "Ndiyo maana ni elfu tatu. Mwandiko unashusha bei. Ingekuwa safi ningeuza mara mbili." (Elfu tatu ya Kenya ni kama elfu sitini zetu.) Nikaona pembeni ya kikombe chake pamba na kichupa, na sahani nyingine mbili ambazo lebo zake zimeshachubuliwa, alama ya bluu inaonekana kwa mbali.

Yaani anafuta majina. Kazi yake Jumamosi nzima ni kufuta majina ya babu zetu ili mali ipande bei.

Sasa nieleze kwa nini naona hili ni jambo kubwa, maana jamaa yangu aliniambia nakuza mambo. Wakusanyaji wana madaraja yao. La juu kabisa ni sahani ambayo haijawahi kupigwa. Kila mkwaruzo unashusha, jina kwenye lebo linashusha, ganda likichanika linashusha. Kwa hesabu hiyo santuri bora ni ile ambayo hakuna mtu aliyeipenda! Iliyokaa stoo kwa muuzaji miaka sitini bila kusikiwa na mtu ndiyo hazina, na iliyochezewa harusi tatu na ubarikio wawili ni takataka. Mimi nasema kipimo hicho ni cha mtu anayenunua kitu cha kuuza tena. Anayenunua muziki hapimi hivyo. Sisi tukikikubali kwa sababu kimeandikwa kwa herufi za kitaalamu, tutakuwa tumekubali kwamba historia yetu ni uchafu juu ya mali yao.

Kwetu Gehandu kuna sanduku la namna hiyo. La aako, yaani babu, kwa wasiojua Kiiraqw. Alifanya kazi mashambani huko Arusha ujanani, akarudi na ng'ombe wawili na gramafoni ya sanduku. Bibi mpaka leo anasema angerudi na ng'ombe watatu. Zimebaki sahani 14, tatu zina ufa. Kila moja ina jina la aako kwenye lebo, kwa sababu sahani zilikuwa zinaazimwa. Zinashuka Hanang zinapanda Mbulu, mtu ana sherehe, anakuja kuomba santuri kama anavyoomba sufuria kubwa. Usipoandika jina hairudi! Kwa hiyo lile jina analolifuta yule bwana ni kama daftari la maktaba. Linaonyesha kwamba kitu hiki kilitembea.

Najua kuna mtu kule bweni la juu ataanza: "Wazungu wanatuibia utamaduni." Ndugu yangu, tulia kidogo. Kwanza yule muuzaji hakuwa Mzungu. Pili, nani alizitupa? Kaseti ilipoingia tulitupa sahani, CD ilipoingia tukatupa kaseti. Binamu zangu walirusha sahani za aako angani kama visosi, nami nilikuwa najipanga foleni nirushe. Na mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, ule wa tatu wa muziki wa dansi wa miaka ya sitini, ndio ulionifanya nijue kwamba Jamhuri Jazz sio jina la timu ya mpira. Mfaransa amechapisha na majina ya bendi yapo. Huyo nitampigia makofi kabla ya kumpigia Mswahili mwenzangu mwenye kichupa cha kufutia.

Na serikali yetu nayo isijifiche nyuma yangu. Bendi za bara zilikuwa zinarekodi Radio Tanzania kwenye tepu za kurusha hewani, ila sahani zenyewe zilikandamizwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa hadi 1983, basi muziki wetu ukawa ng'ambo ya geti na sisi tuko upande huu na redio tu. Tepu zile ni mali ya umma, leo ziko chini ya TBC. Mwanafunzi wa Gehandu anayetaka kusikia bendi aliyoisikia babu yake asilazimike kupanda basi kwenda Nairobi kulipa elfu tatu. Nasema zifunguliwe, na wasanii na familia zao walipwe haki yao kwa ile sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya 1999. Mnatusubirisha nini?

Kuna mwingine ataniambia, lakini hizo sahani sio utamaduni wa Wairaqw, ni Kiswahili na rumba za Cuba. Kweli. Hata hao akina Salum Abdallah masikio yao yalikuwa kwenye sahani za Cuba, zile za GV ambazo HMV walianza kuzitoa 1933. Na aako alijifunza Kiswahili chake kizuri kwa kuzungusha mpini wa ile gramafoni, shule hakwenda. Utamaduni ni kile mtu alichofanya jioni akiwa amechoka. Kama unataka kilicho cha Kiiraqw tupu, basi nijibu hili: aako alikuwa anasema slufay, ile dua ndefu ya wazee, mpaka watu wananyamaza. Alifariki mimi nina simu yenye kamera mfukoni. Hatukumrekodi hata dakika moja. Nina video kumi na nane za paka wa hosteli.

Sasa, pale ilipo ngumu. Jumanne Baba kapiga simu. Kuna mnunuzi kapita mnadani akaulizia vitu vya zamani, kaambiwa nyumbani kwetu kuna santuri, kaja, kaangalia, katoa bei: laki moja na nusu, gramafoni na sahani zote. Anarudi mnada ujao. Baba akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye msomi, tuuze?" Mimi kwa kiburi chote cha Nairobi nikasema hapana Baba, tunaibiwa, sahani kumi na moja nzima kwa bei ya kule ni zaidi ya laki sita. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Haya. Na ile hela ya chumba uliyoomba nitatoa wapi?"

Boom halijatoka wadau, mnajua. Nilibaki nimeshika simu.

Kwa hiyo sitamwambia asiuze. Nitaona aibu kumzuia kwa hotuba huku nakula hela yake. Ila nimemwomba asubiri niende kwanza. Kila sahani itapigwa mara moja tu, maana ile sindano ya chuma inakula mfereji kila inapopita, na nitarekodi. Mtoto wa idara ya habari kaniazima maikrofoni. Nilifikiria pleya ya kisasa, lakini sindano ya LP ni nyembamba mno kwa mfereji wa 78, inasoma mikwaruzo ya chini tu. Nitapiga picha kila lebo, jina likiwepo. Bibi atakaa pembeni aseme nani aliazima ipi na kwa sherehe gani, nayo nirekodi. Halafu kama mnunuzi anazitaka, bei ianze laki sita, na aandike kwa mkono wake kwamba majina hayafutwi. Akikataa, arudi na vumbi lake.

Baba kacheka. Kasema nani atanunua sanduku lenye masharti kama mahari.

Naondoka Ijumaa na basi la alfajiri. Sindano nilinunua Nairobi pakiti mbili, kwenye meza ile ile ya yule bwana wa kifutio, maana mwingine mwenye nazo hakuwepo.